Safu ya Mwenye Miti

Jumatatu asubuhi kompyuta zote mbili za Bi Hafidha ziligoma. Ziliwaka vizuri, zikapiga ule mlio wao wa kuamka, lakini kila Sabra, karani wake, alipofungua faili la ofisi, utepe mwekundu ulijitandaza juu ya kioo: leseni haitambuliki. Barua zilisomeka, ila hazikuandikika. Orodha ya wakulima ilionekana, ila haikuguswa.

"Mpigie yule fundi," alisema Bi Hafidha bila kuinua macho kwenye mizani.

"Nimempigia. Tangu ahamie Mikese hapatikani."

"Si aliniambia kaniwekea programu ya maisha?"

"Alikuwekea ya wizi, mama. Maisha yake ndiyo hayo, yameisha."

Wanawake wanne waliokuwa wakifunga pakiti mezani waliangua kicheko, kisha wakakimeza haraka walipomwona mwenye mali hacheki. Alikuwa na sababu. Karakana yake ya Kihonda ilisaga na kufungasha viungo vya Uluguru, mdalasini, karafuu na pilipili manga, na Alhamisi ile alikuwa anakuja mkaguzi wa kampuni moja ya Dar inayouza viungo nje. Sharti lake lilikuwa moja: achukue pakiti yoyote anayotaka, aoneshwe imetoka shamba la nani. Akiridhika, mkataba wa mwaka mzima. Asiporidhika, wawili kati ya wale wanne wangerudi kukaa nyumbani, maana oda za mjini pekee hazikuwatosha.

Saa nne Sabra hakuwa tena peke yake na utepe mwekundu. Alifika Twalibu, muuza mifumo ya kompyuta, kijana mwenye viatu vinavyong'aa kuliko meza ya Bi Hafidha. Alikuwa na dawa ya kila kitu: programu ya barua, ya orodha, ya mashamba, yote ndani ya mfumo mmoja unaokaa kwenye mtandao. Malipo ni ya kila mwezi, kwa kila kompyuta, kwa dola.

"Ukiacha kulipa?" Sabra aliuliza.

"Unafungiwa tu, dada. Ukilipa unafunguliwa."

"Kumbe utepe mwekundu uleule, ila huu una risiti."

Twalibu alicheka, kwa sababu alikuwa mtu mwema, lakini Bi Hafidha alimkazia Sabra macho. "Wewe una nini badala yake?"

Sabra alitoa flashi mfukoni. Alikuwa amepakia humo programu ya ofisi ya bure, halali kabisa, inayotengenezwa na watu wanaojitolea duniani kote: ya kuandikia barua, ya majedwali, ya kupangia lebo. Inafanya kazi hata bando likiisha. Alijifunza mwenyewe, usiku kwa usiku kwenye simu, na hakuona haya kulisema.

"Cha bure," alisema Bi Hafidha, akilitamka neno kama anayetema punje mbovu. "Mkaguzi atatuona ombaomba."

"Mkaguzi anataka jina la shamba, mama, hataki jina la programu. Nipe hadi Alhamisi. Nikishindwa, nipe barua ya kuniachisha kazi."

"Hiyo barua nitaiandika kwa programu gani?"

Safari hii hata Bi Hafidha alicheka. Akaamua: Twalibu aweke mfumo wake wa majaribio kwenye kompyuta moja, Sabra aweke wake kwenye nyingine, na wote wapewe orodha ileile ya wakulima. Alhamisi ingesema.

Twalibu alimaliza kazi kabla ya adhuhuri. Aliiingiza orodha yote, mfumo ukampa michoro ya rangi, akaaga akiimba. Sabra alitoka jasho. Faili za zamani zilifunguka, lakini nembo ya karakana iliruka kutoka juu ya barua ikaenda kukaa katikati ya maneno, na herufi zikabadilika sura. Alirekebisha moja baada ya nyingine. Alipokuwa anaipitia orodha mstari kwa mstari, kitu ambacho Twalibu hakuwa na haja ya kukifanya, ndipo alipoliona jina la Alois wa Matombo. Lilikuwa pale. Na pale. Na tena pale chini. Alois alikuwa na magunia sitini na manne ya mdalasini katika msimu mmoja.

Sabra alimfahamu Alois. Alikuwa na pikipiki, mdomo mwepesi, na shamba ambalo mwenyewe alisema halifiki ekari mbili.

Akapiga namba iliyoandikwa pembeni. Alipokea mwanamke.

"Shikamoo mama. Naulizia shamba la Alois."

"Marahaba. Shamba la Alois?" Sauti ilicheka hadi simu ikakoroma. "Mwanangu, Alois ni mume wangu, na shamba hana. Njoo uone."

Jumatano alfajiri Sabra alipanda pikipiki barabara ya Kisaki, akapita Mkuyuni, akafika Matombo na vumbi hadi kwenye kope. Magdalena, mwenye ile sauti, alimtembeza mlimani kwa miguu huku akionesha kwa panga.

"Ardhi hii ni ya ukoo wa mama yangu. Alois aliikuta. Ila hii mistari mitatu ya mdalasini aliipanda yeye, kwa hiyo miti ni yake. Ile pale juu aliipanda mjomba wangu, ni ya mjomba. Kule ng'ambo ni ardhi ya ukoo wa kina Prisca, na miti ni ya Prisca mwenyewe."

"Na yale magunia sitini na manne?"

"Ya watu kumi na tisa. Yeye ana pikipiki, anabeba ya wote."

Sabra alisimama katikati ya harufu ya magome mabichi, masikio yakamwaka. Kosa lilikuwa lake. Mwaka mzima pale Kihonda alikuwa akimuuliza mleta gunia, "Jina?" na mleta gunia alijibu jina lake, kama mtu yeyote angejibu. Bibi yake mwenyewe alitoka milima hii. Ilitosha kuuliza swali moja tu zaidi.

Aliketi juu ya jiwe, akaandika kwenye daftari kila mwenye ardhi, kila mwenye miti, kila mbebaji, na namba za magunia ambazo Alois, aliyewakuta hukohuko mlimani, kwa bahati alizikumbuka zote kwa sababu ndizo zilizompa nauli yake. Jioni, kabla hajaosha uso, alimpigia Twalibu.

"Orodha niliyokupa ina kosa, na kosa ni langu. Ongeza safu mbili: mwenye ardhi na mwenye miti."

"Mfumo una nafasi moja tu, dada. Mmiliki. Kuongeza inabidi niombe makao makuu, na hiyo ni bei ya kifurushi cha juu."

Kwenye jedwali lake Sabra aliziongeza safu zile mara moja, akakaa hadi zikajaa.

Alhamisi mkaguzi alifika. Aliitwa Ernest, mzee mfupi wa maneno machache. Akazunguka rafu, akachomoa pakiti ya mdalasini, akaisoma namba. Twalibu alikuwa mwepesi, orodha yake ikiwa bado ileile ya zamani. "Alois, Matombo," alitangaza, na mchoro wa rangi ukapanda kiooni. "Magunia sitini na manne."

"Ana ekari ngapi?"

"Mbili."

Ernest aliiweka pakiti mezani polepole. "Ekari mbili, magunia sitini na manne. Bi Hafidha, mdalasini mwingine mnauchanganya kutoka wapi?"

Wanawake wanne waliacha kufunga pakiti.

"Hatuchanganyi," alisema Sabra. Alisogeza kiti, akaigeuza kompyuta yake imkabili mzee. "Orodha ile niliikosea mimi. Niliandika mbebaji nikamwita mkulima. Hii ndiyo sahihi. Pakiti yako ni ya gunia la arobaini na moja. Mbebaji, Alois. Mwenye miti, Prisca. Ardhi, ya ukoo wa mama yake. Namba yake hiyo hapo, piga mwenyewe."

Ernest alipiga, akaweka sauti ya nje.

"Ndiyo, gunia hilo ni langu," sauti ya Prisca ilijaa chumba. "Nilibandua gome mwenyewe. Kwani mmelimwaga?"

Mzee alitabasamu kwa mara ya kwanza. Akachomoa pakiti nyingine, na nyingine, na ya nne. Kila moja Sabra aliijibu kabla mzee hajavaa miwani yake. Mwisho alisema Jumatatu atapanda Matombo kuihakikisha miti kwa macho, na akiikuta kama ilivyoandikwa, atasaini hukohuko mlimani.

"Ataikuta," Sabra alimwambia Bi Hafidha gari lilipoondoka.

Twalibu alikuwa anafunga mkoba wake. "Hiyo flashi, dada," alinong'ona, "nami naweza kunakili?"

"Nakili. Si ya wizi."

Bi Hafidha alisimama mbele ya jedwali akizisoma safu moja baada ya nyingine. "Mimi nimezaliwa Kinole, na miti yangu iko kule," alisema hatimaye. "Najua ya ardhi na miti tangu nanyonya. Mwaka mzima napita hapa naona Alois, Alois, na sikuuliza." Akavuta kiti. "Na wewe ukiniacha siku moja, nani ataijua hii kitu?"

"Kaa, mama. Shika kipanya."

Alikaa. Mkono uliozoea mizani ukakishika kipanya. Sabra alimwonesha mstari mtupu chini kabisa ya jedwali, akarudi nyuma, akamwacha.

Herufi kwa herufi, kwa kidole kimoja, Bi Hafidha akaandika shamba la Kinole. Kwenye safu ya ardhi aliandika jina la ukoo wa mama yake. Kwenye safu ya mwenye miti akaandika la kwake.