Chale Ubavuni mwa Mashua

Kwetu kaskazini, harjusi, yule samaki wa mito ya baridi, wa kwanza wa Agosti haliwi siku anayovuliwa. Angali anatapatapa, na pezi lake la mgongoni limesimama kama bendera, mvuvi humlaza ubavuni mwa mashua na kukata kwa kisu chale ya urefu wake, ili mashua iukumbuke mwaka. Kisha humpaka chumvi, akamfunga kwa majani, akamlaza ghala la chini mpaka kesho yake, ndipo akaliwa pamoja na viazi. Kila nyumba ya mto ule hufanya hivyo, na Eevertti Alakorva, mpimaji wa samaki wa mto kwa miaka kumi na tisa, hakuwa mtu wa kuvunja desturi.

Alikuwa mtu aliyenyooka kama fimbo aliyoishika. Fimbo yenyewe aliirithi kwa baba yake: kipande cha mti wa gome jeupe, chenye mkato mmoja. Harjusi asiyeufikia mkato ule hurudishwa majini akiwa hai. Atakayekutwa naye nyumbani hutundika ufito wake wa kuvulia, asivue tena mpaka mto ugande barafu.

Asubuhi hiyo alishuka ghalani kumchukua samaki wake, maji ya viazi yakiwa tayari jikoni. Alimfungua majani, akamfuta chumvi, na kwa mazoea tu, kama mtu agusavyo mfuko kuona kama ufunguo upo, akamlaza juu ya fimbo.

Mkia haukuufikia mkato.

Akamnyoosha. Akaifuta fimbo kwa mkono wa shati, akampima tena, na tena. Ulipungua unene wa ukucha. Naye jana, akiwa amesimama majini hadi mapajani, alikuwa amempima samaki huyo huyo kwa fimbo hiyo hiyo, na mkia ulikuwa umeupita mkato kwa ukucha mzima. Hakuwa mlevi, wala macho yake hayakuwa na kasoro.

Alitoka bila kofia mpaka ufukweni, samaki mkononi, akamlaza ubavuni mwa mashua yake, juu ya chale aliyoikata jana. Mti ulikuwa bado mweupe pale kisu kilipopita. Samaki alikuwa mfupi kuliko chale yake mwenyewe.

Basi Eevertti akaketi juu ya jiwe, akaikumbuka siku ambayo kwa mwaka mzima hakutaka kuikumbuka.

Agosti iliyopita aliambiwa kwamba shemeji yake, Kaarlo Nivala, mume wa dada yake Aune, alikuwa amemchukua samaki mdogo. Asubuhi yake Eevertti aliingia ghalani mwa Kaarlo pamoja na mashahidi wawili, akamtoa harjusi kwenye chumvi, akampima. Hakufika.

"Alifika, shemeji," Kaarlo alisema. "Alifika akapita! Unadhani mimi ni mtoto?"

"Fimbo inasema hakufika."

"Njoo basi uione chale mashuani. Nimeikata jana, samaki akiwa mzima."

"Mti hukatwa wakati wowote. Samaki ndiye shahidi. Mengine ni upepo."

Kaarlo alisogea karibu, akateremsha sauti ili mashahidi wasisikie. "Eevertti. Huyu ni wa Aune. Wiki nzima hajameza kitu. Amemtaja harjusi kwa mdomo wake, unasikia? Chukua ufito, chukua mashua, lakini samaki muache."

"Sheria haina dada," Eevertti alijibu, akamfunga samaki kwenye gazeti, akaenda naye kwa chama cha mto.

Ufito wa Kaarlo ukatundikwa. Mara tatu Eevertti alimpelekea dada yake harjusi mwenye urefu halali, akamwacha mlangoni, kwa kuwa Kaarlo hakumkaribisha ndani. Aune alifariki mwezi wa Oktoba, kabla ya barafu. Kwenye mazishi wanaume wale wawili walilibeba jeneza moja, mmoja upande huu na mwingine ule, na hawakutazamana.

Kumbe chumvi humfanya samaki anywee. Jambo dogo kama hilo! Wazee wote wa mto walikuwa wamekula harjusi wa chumvi tangu meno ya kwanza, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumpima, kwa sababu samaki aliyekwisha pimwa majini hapimwi mezani. Ni Eevertti peke yake aliyeipeleka fimbo mahali ambapo fimbo haikuwa na kazi.

Hakula viazi vyake. Alimfunga samaki tena, akachukua fimbo, akavuka daraja.

Mashua ya Kaarlo ilikuwa imefunikwa kifudifudi kwenye nyasi, lami yake imepasuka. Tangu Aune afe haikuingia majini, ingawa mwenyewe alikwisha kurudishiwa haki yake ya kuvua. Eevertti alipiga magoti, akaitafuta chale ya mwisho kwa kidole. Ilikuwa imegeuka kijivu kwa theluji na jua, rangi ambayo kisu hakiwezi kuighushi. Akaweka fimbo juu yake. Chale iliupita mkato.

"Umepoteza nini kwangu?"

Kaarlo alikuwa amesimama nyuma yake, kikombe cha kahawa mkononi, na mbwa wake Halli miguuni.

"Nimekuja kuiona chale," Eevertti alisema bila kuinuka.

"Umechelewa mwaka mmoja. Mguu wako mzito, shemeji."

"Samaki wako alifika."

"Hilo nalijua. Nilikuwepo."

"Mimi sikujua. Chumvi huwapunguza. Huyu hapa wangu: jana alipita, leo hafiki." Akafungua majani, akamlaza samaki kwenye fimbo juu ya tumbo la mashua. "Jumapili nitasimama mbele ya chama. Nitasema nilikuonea. Na kwa kuwa nimekutwa na samaki asiyefika, nitatundika ufito mpaka barafu, kama wewe. Nataka uje uwe shahidi."

Kaarlo alikunywa kahawa yake taratibu, kama mtu asiye na haraka hata ya kufa. Kisha akaweka kikombe chini, akainama, akamtazama samaki kwa jicho moja.

"Anafika," akasema.

"Hafiki. Tazama mkia."

"Nimetazama. Anafika."

"Kaarlo, usinifanyie mchezo. Unaona kabisa kwamba hafiki!"

"Mwaka jana mimi nilisema anafika, wewe ukasema hafiki, likasimama la kwako. Mwaka huu wewe useme hafiki, mimi niseme anafika. Au zamu yangu haipo?"

"Nataka kulipa nilichokosa."

"Ndiyo, najua unataka!" Sauti ya Kaarlo ilipanda kwa mara ya kwanza, na Halli akasimama. "Utundike ufito wako, watu wakuone: huyo Eevertti, mnyoofu, amejihukumu mwenyewe! Msimu ukiisha deni limekwisha, na wewe unalala usingizi. Mimi nitalala lini? Aune aliniuliza siku tatu yuko wapi samaki wake. Siku tatu. Nilimwambia, "Kaka yako amemchukua kumpima." Akacheka, bwana. Akasema, basi atamrudisha, Eevertti huwa hakai na kitu cha mtu."



"Na wale samaki wako watatu wa mlangoni," Kaarlo aliendelea, sasa kwa upole uliokuwa mbaya kuliko makelele, "ungependa kujua nani aliwala?"

Akamchukua harjusi kwa mkia, akamtupa. Halli alimdaka kabla hajagusa nyasi. Vilisikika vifupa vikivunjika, kisha mbwa akajilamba chumvi puani.

"Haya. Nenda Jumapili ukawaambie. Wakitaka kumwona samaki, walete kwa Halli."

Jumapili Eevertti alikwenda. Alivaa koti la kanisani, akasimama mbele ya watu ishirini na tatu katika nyumba ya chama, akaeleza yote kwa mpango: chumvi, chale mbili, ghala, fimbo. Hakujitetea hata kwa neno moja. Alipomaliza, watu walitazama meza. Hilja Pokka, mwenyekiti, mwanamke asiyependa maneno mengi, alivua miwani.

"Samaki yuko wapi?"

"Hayupo. Ameliwa na mbwa."

"Kaarlo, ulimwona samaki huyo?"

Kaarlo alikuwa ameketi karibu na jiko, miguu ameinyoosha. "Nilimwona. Alifika."

Mtu mmoja alikohoa kuficha kicheko.

"Basi hakuna kosa, Eevertti," Hilja alisema. "Samaki ndiye shahidi, mengine ni upepo. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha. Kaa chini, ndugu yangu. Umechoka, na mwaka wa msiba bado haujaisha."

Hakukaa. Aliweka fimbo ya baba yake juu ya meza, akatoka, na hakuna aliyemfuata.

Ufito aliutundika mwenyewe, juu ya misumari miwili ukutani, bila hukumu ya mtu. Wiki ile ile Kaarlo aliipindua mashua yake, akaipaka lami, akaiingiza majini. Tangu siku hiyo, kila asubuhi mpaka barafu ya kwanza, alitia nanga kwenye mkondo unaotazamana na dirisha la Eevertti, ingawa ng'ambo yake mwenyewe ilikuwa na mikondo bora zaidi. Akinasa harjusi, humlaza kwenye fimbo yake mwenyewe ya kupimia majini, angali hai, kisha humwinua juu kwa mikono miwili, pezi limesimama, kuelekea dirishani, akangoja kwa muda wa kutosha mtu kuhesabu mpaka kumi.

Na Eevertti, nyuma ya kioo, hakulivuta pazia hata siku moja.