Raba Iliyolala Kichwa Chini

Bi Ufito aliitwa hivyo kwa sababu mbili: alikuwa mrefu, mwembamba, halafu kila alfajiri ndiye aliyeshika ufito wa kupimia matangi ya kituo cha mafuta. Kampuni ilikuwa na kiwanda chake cha kusafisha mafuta, magari yake na vituo kumi na viwili. Asubuhi hiyo meneja wa kanda alikuwa anakuja kumkabidhi cha kumi na tatu, akisimamie. Miaka tisa aliingoja siku hiyo. Ovaroli alikuwa ameipiga pasi hadi mifukoni.

Alipaka ncha ya ufito dawa ya kahawia, akauteremsha kwenye tangi la petroli, akauvuta. Dawa ile haina mchezo wala haimwonei mtu haya: ikigusa maji hugeuka nyekundu. Ilikuwa nyekundu kwa kimo cha vidole vitatu.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Alipiga magoti akakagua kifuniko. Raba ya kuzibia ilikuwa imelala kichwa chini, na aliyeibadilisha jana, akiwahi kwa fundi cherehani aliyekuwa akimpunguzia ovaroli, alikuwa yeye mwenyewe.

Alizipiga kufuli pampu zote za petroli, akatia ufunguo mfukoni.

Meneja alipofika hakuuliza mengi. Aliutazama wekundu, akakumbuka kwamba gari la kiwandani lilishusha mafuta jana jioni. Dereva wake alikuwa mdogo wa mume wa Bi Ufito, yule shemeji ambaye kila akipita humtania kwamba siku akiwa bosi atampigia saluti kwa mguu. Meneja akapiga simu kiwandani, akaagiza dereva azuiwe getini, barua yake ya kufukuzwa iandaliwe. Kisha akamgeukia Bi Ufito kwa upole, akamwambia asijali, makabidhiano yapo palepale, saa nne.

Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Kunyamaza ni kazi nyepesi, haihitaji hata ovaroli. Akakiona kituo kipya, pampu zinang'aa, meza yake, kiti chake. Akamwona na shemeji getini, kofia mkononi, anauliza amekosa nini.

"Bosi, wapigie tena," alisema. "Raba niliigeuza mimi. Gari lilikuja safi, nililipima kabla halijashusha. Haya maji ni ya mvua."

Meneja alimtazama kuanzia miguuni hadi kichwani, na kwa urefu ule ilimchukua muda.

"Unajua unachosema? Leo?"

"Ningesema jana kama ningejua jana."

Meneja akapiga simu ya pili, dereva akaachiwa. Halafu akamwambia kituo kipya atapewa mwingine, na yeye alete ufunguo. Foleni ilishafika barabarani. Bomba la kuvutia mafuta, alisema, linaishia juu ya maji yaliyotuama chini. Wauze polepole, hakuna atakayejua.

"Tukivuta yanatibuka," Bi Ufito akajibu. "Gari la mtu likizima katikati ya barabara, hatailaumu mvua. Cheo chukua, bosi. Ufunguo nitakupa ufito ukitoka bila wekundu."

Akatoa pampu ya mkono, akashusha mpira hadi chini ya tangi, akaanza kuzungusha mpini. Maji yakatoka kwa shida, yakaingia kwenye pipa. Kwenye foleni mwenye pikipiki mmoja akauliza kwa sauti kama sabuni nayo inauzwa, maana maji yapo. Watu wakacheka. Yeye akazungusha.

Saa tano shemeji akatokea. Getini walikuwa wamemsimulia yote.

"Shemeji, ulitaka kuniuza?"

"Nilifikiria. Dakika moja hivi."

"Dakika nzima?"

"Shika mpini, mikono inaniuma."

Akashika. Wakapokezana, huyu akihema, yule akinung'unika, hadi saa saba. Bi Ufito akapaka dawa upya, akateremsha ufito, akavuta. Kahawia. Akarudia mara ya pili, meneja akiwa amesimama kando yake. Kahawia tupu.

Akatoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja cha meneja.

"Mkianza kutafuta msimamizi wa kituo cha kumi na nne, bosi, jina langu liwepo."

Meneja aliugeuza ufunguo kiganjani. Alimrudishia ufunguo afungue mwenyewe. Bi Ufito akaifungua pampu ya kwanza, akamwendea yule mwenye pikipiki, akamuuliza anataka lita ngapi.