Kola ya Karatasi Ngumu

Haya, tegueni hiki kabla hatujaanza. Mguu wangu unatembea tangu asubuhi mpaka jioni, na bado niko pale pale. Mmekwama? Basi nipeni mji, nikae nitawale, kisha niwaambie: ni mguu wa fundi cherehani.

Mguu wa huyu tunayemsimulia ulikuwa umetembea miaka arobaini. Alikuwa mjane, fundi wa sare za shule, na mtaa mzima ulimwita Mama Kola kwa sababu kola alizoshona zilisimama. Mtoto angeweza kupigana, kuanguka, kulowa mvua na kulalia begi lake, lakini akirudi nyumbani kila kitu kimelegea, hata yeye mwenyewe, isipokuwa kola. Mafundi wenzake walikuja kumsalimia huku macho yakiwa ukutani, kwenye msumari alikotundika paterni zake za kukatia.

"Siri ni pasi," aliwaambia. Hakusema uongo, ila hakusema yote.

Chumba chake cha kazi kilikuwa cha mbele, kinatazama barabara. Kulikuwa na meza ya kukatia, cherehani ya miguu, pasi, kapu la vipande, na redio juu ya kabati. Redio hiyo ilikuwa na kitufe cha kuzungusha, na siku moja, akitafuta taarifa ya habari, kitufe kikabaki mkononi mwake. Mshale ukaganda mwisho kabisa wa masafa, mahali ambapo siku zote alipapita haraka kama mtu anayepita penye mbwa mkali.

Pale mwisho palikuwa na kituo kidogo, chumba kimoja juu ya duka la rangi. Hakikuwa cha serikali wala cha tajiri. Kiliendeshwa na watu wenye kazi zao nyingine: mwalimu wa hesabu, dereva wa gari la taka, muuguzi mstaafu. Matangazo ya biashara hakikuwa nayo. Na kila Jumamosi, kuanzia saa nane mchana, alikaa hewani mtangazaji mmoja mwenye sauti iliyokwaruza, ambaye wasikilizaji walimwita Mchanga.

"Leo tuna muziki wa panki," alisema Mchanga Jumamosi ile ya kwanza. "Tuna kelele za kila aina. Tunaye hata mtu aliyerekodi mashine ya kufulia, akaipulizia filimbi juu yake. Asiyetaka, mlango uko wazi. Anayetaka, asogee karibu."

Mama Kola hakusogea. Alichukua sketi isiyopigwa pasi akaifunika redio gubigubi. Kuizima angeweza, kitufe cha kuzimia kilikuwa kizima. Lakini mjane akizima redio, nyumba huanza kusikika.

Jumamosi ya pili aliiacha bila sketi. Gitaa lilikwaruza kama chungu kinachosuguliwa, ngoma zikakimbia kama zimechelewa shule, na msichana mmoja akapiga ukelele maneno matatu, yale yale, mpaka yakaanza kuuma. Mama Kola akasonya. Kisha akatazama chini, akaona mguu wake kwenye pedali unakwenda na zile ngoma. Akautoa mshono chini ya sindano akaukagua. Ulikuwa umenyooka kama rula.

Jumamosi ya tatu, fundi redio akaja na bisibisi yake.

"Mama Kola, nimekuja kukutoa jela."

"Jela gani?"

"Si uliniambia umekwama na wehu wale? Nipe dakika tano tu."

"Iache."

"Niiache?"

"Jumamosi ipite kwanza."

"Mama, hawa watu wanapiga sufuria!"

"Na mkeo akikupigia sufuria, si unakwenda mbio ukidhani chakula tayari? Iache, nimesema."

Fundi redio akaondoka akicheka peke yake barabarani. Jumamosi ikapita, na nyingine, na mwezi. Mama Kola, ambaye shule aliishia darasa la saba, akaanza kuelewa mambo ambayo hakuna aliyemfundisha. Kumbe wapo watu waliojifunza gitaa siku mbili tu, wakaona wakisubiri ya tatu, linalowauma litapoa kabla hawajalisema. Kumbe wapo wanaotengeneza muziki kwa maji ya bomba, kwa pumzi, kwa mlango usiotiwa mafuta. Maisha yake yote alijua kwamba mshono mzuri ni ule uliofichwa ndani. Hawa walivaa nguo zao mishono ikiwa nje, nyuzi zinaning'inia, na bado nguo iliwakaa.

Jambo hilo lilimfurahisha na kumtia hofu kwa pamoja. Hofu ilikuwa na jina: Kitinda.

Kitinda alikuwa kitindamimba wake, binti wa miaka arobaini, msimamizi wa ghala la vigae. Alikuja kila Jumapili kula na mama yake, na kila alipokuta redio inazungumza juu ya kabati, mkono wake ulitangulia kuizima kabla hajavua viatu.

"Zima hayo, Mama. Wale watu wanajiona sana."

"Umewahi kuwasikiliza?"

"Zamani. Yaliisha."

Mama Kola alikuwa akipakua chakula bila kuinua uso. Alijua yaliishaje, na alijua zaidi ya Kitinda.

Sasa sikieni. Jumamosi moja Mchanga aliweka wimbo bila kuutambulisha. Ulianza na gitaa moja, halafu besi nzito ikaja chini yake kama mtu anayeburuta kabati, halafu ngoma. Sauti ya msichana haikuimba. Ilikuwa inagombana na mama asiyejibu. Mama Kola akashusha kiganja kwenye gurudumu la cherehani, likasimama. Alisikiliza mpaka mwisho, sindano ikiwa imechoma nusu ya mkono wa shati. Akawaza: huyu mama anayegombezwa humu, ana moyo gani hata asijibu?

"Hao," Mchanga alisema, "walijiita Jirani Samahani. Wasichana watatu. Miaka ishirini na moja iliyopita walituletea kaseti yenye anwani, wakaiacha mlangoni wakakimbia. Tuliwaandikia barua waje wapige hapa moja kwa moja. Tukatandaza waya, tukaazima spika. Tuliwasubiri tangu saa tisa mpaka tukaanza kuoneana haya. Hawakuja. Nazeeka sasa, na mpaka leo sijui tuliwakosea nini. Anayewafahamu, aniulizie."

Mama Kola hakuhitaji kuulizia. Wale wasichana walikuwa wakipigia chumba cha nyuma, cha nyumba hii hii, na jina lao walilipata kwa kuomba radhi kwa majirani kila jioni. Mkorofi mkuu kati yao, yule wa gitaa na sauti, alikuwa Kitinda.

Na barua ilifika. Hapo ndipo penye kidonda. Kituo hakikuwa na karatasi za maana, kwa hiyo barua zao waliziandika nyuma ya mabango ya zamani, karatasi ngumu, nzito, isiyokunjika ovyo. Mama Kola aliipokea mlangoni, mumewe akiwa na miezi minne tu kaburini. Aliisoma. Jumamosi, saa tisa. Siku hiyo hiyo na saa hiyo hiyo Kitinda alikuwa na mtihani wake wa mwisho wa utunzaji wa ghala. Mama Kola akajiambia, nitampa kesho. Akaiweka mezani chini ya chaki. Kesho yake akajiambia kesho.

Siku ya tatu sare arobaini zilikuwa zinasubiriwa, na paterni yake ya kola ilikuwa imelegea kwa kutumika, pembe zimeota nywele. Fundi akikosa karatasi ngumu hutazama kilicho karibu. Alichora kola nyuma ya barua, akashika mkasi. Mkono ulikata, moyo ukaja nyuma ukihema. Vipande vya pembeni akawashia jiko.

Kola kama zilizotoka kwenye paterni ile zilikuwa hazijawahi kuonekana mtaani. Zilisimama zenyewe, pande zote mbili sawa. Kuanzia hapo akapewa jina.

Kitinda alisubiri jibu la kituo mwezi mzima. Kila jioni aliuliza, "Hakuna barua?" Na mama yake alijibu, "Wangekuwa wanakutaka, si wangekwisha kuandika?" Baadaye gitaa likagawiwa kwa watu, chumba cha nyuma kikawa stoo ya vitambaa, na majirani wakalala usingizi mzuri.

Jumapili iliyofuata wimbo ule redioni, Mama Kola alikusudia kusema, akasema habari za bei ya uzi. Kitinda akaondoka. Wiki ile nzima hakuweza kukata kola hata moja. Kila alipoinyanyua ile paterni aliiona nzito kama kigae. Alijua akisema, anaweza kuzipoteza Jumapili zote zilizobaki. Asiposema, binti yake atazeeka akiamini alikataliwa, na yule mzee wa sauti ya mchanga atakufa akiamini amekosea.

Jumapili ya pili, chakula kilipokwisha, aliitoa paterni kwenye msumari akaiweka mbele ya Kitinda, upande wa barua ukiwa juu.

"Hii nini?"

"Soma."

Mkasi ulikuwa umebakiza mistari ya katikati tu, iliyopinda na shingo ya kola. *Kaseti yenu tumeisikiliza mara nyi*. Halafu: *mosi saa tisa, mje na ngo*. Halafu: *tutafurahi mno*.

Kitinda alisoma, akageuza, akatazama alama za chaki, akageuza tena.

"Ilikuja lini?"

"Wiki mbili kabla ya siku yenyewe."

"Na ukaikata."

"Nikaikata."

"Hukuisoma, Mama. Uliokota tu karatasi. Wewe huwa unaokota karatasi yoyote." Aliyasema kwa haraka, kama mtu anayemshikia mwenzake mlango.

Mlango ule ulikuwa mpana, na Mama Kola aliuona. Angepita tu na hakuna ambaye angejua.

"Niliisoma, mwanangu. Mara mbili."

Barabarani muuza maji alipita akiita wateja mpaka sauti yake ikaishia mbali. Kisha Kitinda akacheka, kicheko kikavu kisicho na mwenyewe.

"Kwa hiyo watoto wa watu, miaka ishirini na moja, wamevaa barua yangu shingoni."

"Nisamehe."

"Usinikimbize, Mama. Ngoja kwanza." Alipitisha kidole pembeni mwa karatasi, mkasi ulikopita. "Tulipokuwa tunapiga kule nyuma, ulikuwa unatusikiaje? Niambie kweli."

"Kelele."

"Na sasa?"

"Walipiga wimbo wenu juzijuzi. Nilisimamisha cherehani."

"Wewe? Mimi nikiugua surua ulikuwa unashona huku unanishika paji la uso."

"Nilisimamisha. Sikujua kuwa ni wewe. Nilisikiliza kama mtu baki, ndipo nikasikia."

Macho ya Kitinda yakajaa, lakini hayakumwagika. "Umechelewa kuwa mtu baki," alisema. Akavuta pumzi. "Unajua mpiga ngoma alitaka twende pale juu ya duka la rangi, tukaulize? Siku mbili alinisihi. Nikamwambia aliyekukataa hafuatwi. Akaniita mwoga. Nikamjibu maneno ambayo hata adui haambiwi. Hatujasemezana tangu siku hiyo. Hilo halikuwa lako, Mama. Hilo nililikata mwenyewe."

Mama Kola alizipanga sahani tupu, moja juu ya nyingine.

Kitinda akatoa simu. Namba ya mpiga ngoma alikuwa nayo. Alikuwa ameihamisha kutoka simu hadi simu miaka yote, bila kuipiga. Akatoka nje, akasimama chini ya dirisha, na mama yake akasikia upande mmoja tu.

"Ni mimi... Ndiyo, mimi... Hapana, hakuna aliyekufa... Nimesema hakuna aliyekufa, kaa chini basi." Kikapita kicheko kidogo. "Sikia. Walituita. Wale wa redio. Walituandikia... Ndiyo. Ulisema kweli na mimi sikusikia."

Halafu akawa anasikiliza tu. Alisikiliza muda mrefu. Mama Kola aliona kisogo chake kikiinama taratibu, mpaka paji la uso likagusa ukuta.

Aliporudi ndani aliokota mkoba wake kwanza.

"Anasemaje?" mama aliuliza.

"Anasema mpiga besi alitutoka mwaka juzi. Yeye alitaka niende kumzika, lakini namba yangu hakuwa nayo, na hapa hakuthubutu kuja." Akaiingiza ile karatasi mkobani, kwa uangalifu, isipinde. "Anasema mwenzetu alikuwa anaisikiliza ile redio mpaka alipolazwa. Kila Jumamosi. Alikuwa anasema ipo siku watatueleza kwa nini."

"Mwanangu..."

"Jumapili ijayo nitakuwa kwake. Tutakwenda pia kumwona yule mzee wa redio, asije na yeye akatangulia."

"Na Jumapili nyingine?"

Kitinda alivaa kiatu kimoja, akahangaika na cha pili. Mama yake aliinama kumsaidia kama zamani, akakuta kamba imeshafungwa.

"Sijui, Mama. Usipike."

Akatoka. Mama Kola alisimama mlangoni ameshika kitasa, akamtazama akipita duka la kwanza na la pili, mkoba ameubana kwapani, mpaka akakata kona. Jina lake lilikuwa mdomoni kabisa, na hakuthubutu kuliita.