Fundo la Mzee Besi

Mzee Besi alikuwa ameshalitia gitaa mkobani na kuliegemeza karibu na mlango. Alasiri hiyo kiongozi wa bendi angekuja kulichukua, apewe mpigaji mwingine.

Bendi yao ilikuwa ya harusi na sherehe za mtaani, naye aliipigia besi, gitaa la sauti nzito, tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Sasa alijiona amekwisha. Tangu mkwewe, mke wa mwanawe, ampakie rangi sebule kwa wema wake, kila alipoweka kanda yao ya zamani aliwasikia waimbaji, akayasikia na matoazi, ila besi yake mwenyewe ilikuwa nyepesi kama uji wa mgonjwa. Vitufe vya stereo alishavizungusha vyote mpaka vikagota. Baba yake mzazi alikufa kiziwi, na ilianza hivihivi, sauti nzito zikitangulia kupotea.

Hakumwambia mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwenyewe alizoea kuwaambia wenzake hivyo, lakini ushauri ni mtamu ukiwa wa kumpa mwingine. Mazoezini hakukanyaga tena, akasingizia mgongo.

Mchana mkwe alifika na ndoo na kitambaa, maana yule binti na vumbi hawapikiki chungu kimoja.

"Baba, mbona umenuna? Kafa nani?"

"Hajafa mtu."

Ili asiulizwe zaidi, aliwasha muziki akaenda jikoni kuinjika chai. Huko huko jikoni akaisikia: besi yake, imeshiba, inapita sakafuni mpaka nyayoni. Birika nusura limponyoke.

"Umefanya nini?" Alirudi mbio, mgongo mgonjwa ameusahau. "Usiguse kitu!"

Mkwe alikuwa amechuchumaa, waya mkononi. "Nimechomoa spika moja tu baba, nifute nyuma yake. Narudisha sasa hivi."

Akarudisha. Besi ikatoweka. Akachomoa, ikaja.

"Yaani moja inashinda mbili?" mzee akashangaa.

"Mafahali wawili zizi moja," mkwe akatania.

Mzee hakucheka. Alipiga magoti, akazipapasa nyaya zilizoingia spikani. Zote zilikuwa za kahawia, hazitofautiani hata kidogo, ndiyo maana tangu zamani alifunga fundo kwenye kila uzi wa kuingia tundu jekundu la spika, usije ukaingia lile jeusi.

"Mafundo yangu yako wapi?"

"Yale? Niliyafungua siku ya kupaka rangi. Nikajua waya zimejisokota, nikazinyoosha zikapendeza."

Basi ndiyo hayo. Wakati wa kurudisha, spika moja ilifungwa kinyume. Hii ikisukuma hewa, ile inaivuta, na besi inaishia katikati yao. Mzee akazibadilisha nyaya za ile spika, wa tundu jekundu kwenye jeusi, wa jeusi kwenye jekundu. Glasi za kabatini zikaanza kugongana.

Alikaa pale pale sakafuni, machozi yakimtoka bila aibu. "Masikio yangu mazima," akasema. "Mazima kabisa!" Ndipo akamweleza mkwe yote: babaye, mazoezi, gitaa pale mlangoni.

Mkwe akashika mdomo. "Nisamehe, baba. Kumbe mimi ndiye niliyekutia kwenye mateso yote haya!"

"Nikusamehe nini? Mwingine angekaa, akanywa chai yake, akaaga. Na gitaa lingeenda zake. Asante, mwanangu. Mungu akupe vumbi jingi la kufuta."

Alicheka huku akipenga kamasi, kisha akamsogezea nyaya. "Fundo ulifunge wewe." Mkwe akalifunga, akalikaza kwa meno.

Kiongozi wa bendi alibisha hodi mpaka akachoka, mwishowe akaingia mwenyewe. Mkoba ulikuwa mtupu sakafuni. Mzee Besi alikuwa kitini, gitaa pajani, akikaza nyuzi huku kichwa kikitikisika.

"Nimefuata gitaa!" kiongozi akapaza sauti juu ya muziki. "Si uliniambia nije nilichukue?"

Mzee Besi akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Sikusikii!"