Jina Ambalo Mkwe Halitaji

Serikali ikitaka kukumaliza haikuletei bunduki, inakuletea sheria mpya. Nasema hivyo mimi Ngassa, mfugaji wa Samuye, na asiyependa kusikia aende zake.

Mwaka ule nzige walikuwa wamekula mtama wetu wote, tukadhani mabaya yamekwisha. Kumbe bado. Mtemi akaitisha baraza, tukasomewa maneno kutoka boma la Shinyanga: shule isiyoandikishwa serikalini isifundishe tena. Mkaguzi atakuja, mwalimu ataita majina kutoka kwenye daftari, na kila anayeitwa aitike. Wakipungua ishirini, shule ifungwe. Hebu niambie, nani aliwahi kuona watoto wanahesabiwa kama ndama? Tulinung'unika, kisha tukaenda nyumbani.

Shule yetu ilikuwa banda la kigango, tulimosali Jumapili, na mwalimu alikuwa Salvina, mke wa mwanangu Alois. Masista wa Ushirombo ndio waliomfundisha kusoma na kuandika. Mimi sijui hata herufi moja. Ndugu yangu aliwahi kuletewa barua ya kuitwa bomani, kijiji kizima hakikuwa na wa kuisoma, akaviringishia tumbaku. Akafungwa kwa kutokwenda! Tangu hapo niliapa kwamba mmoja wa nyumba yangu lazima asome, na niliyemchagua ni mjukuu wangu, mtoto wa mwanangu mkubwa. Ni wajina wangu, Ngassa kama mimi na mkaidi kama mimi.

Sasa sikiliza kosa lilipokuwa, ingawa mimi mpaka leo sikubali kuwa ni kosa. Kwetu mke wa mwanao hataji jina lako. Hakutazami usoni, na mkikutana njiani anapinda pembeni. Mtoto aliyepewa jina lako naye hamwiti kwa jina hilo, anamwita Baba. Basi Salvina akamwita mtoto Baba, na wenzake darasani wakamwita Baba. Siku ya kuandika daftari akaandika Baba. Angeandika nini? Mtoto alikuwa bado anajifunza katekisimu, jina la ubatizo hana. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona tatizo.

Mkaguzi akaja na gari, Mzungu mrefu mwenye haraka, pamoja na karani wake Muhidini, mtu wa mjini Shinyanga. Watoto walitimia ishirini kamili, maana hata Mbuke aliyekuwa na homa alibebwa na mama yake mgongoni. Wazazi tukaambiwa tubaki nje. Nikakaa nyuma ya ukuta wa mabua, mahali ambapo mkwe wangu hanioni, lakini mimi nasikia kila kitu.

Salvina aliita majina vizuri, mpaka akafika kwa Baba. Wajina akaitika, "Nipo." Mzungu akamsimamisha, akauliza huyu ni baba wa nani. Watoto wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichotuponza. Mzungu akaona anachezewa. Akasema ameshakuta shule zinazoandika watu wazima daftarini ili idadi itimie, halafu zinaazima watoto wa kuitika. Akamtaka Salvina ataje jina halisi la mtoto yule.

Salvina akainamia daftari. Mtoto akasema mwenyewe kwamba anaitwa Ngassa, akaambiwa hakuulizwa yeye, mtoto hufundishwa la kusema. Nami nikapaza sauti kutoka nyuma ya mabua, nikasema jina hilo ni langu na mkwe wangu hawezi kulitamka. Muhidini, simsingizii, alimweleza bwana wake vizuri, akaongeza kwamba hata kwao wakwe huheshimiwa. Mzungu akajibu kwa Kiswahili ili sote tusikie.

"Daftari la serikali halina mkwe."

Akangoja kidogo. Salvina alikuwa anatazama chini. Mzungu akaandika kumi na tisa, akatia sahihi, akatoka.

Nikavunja mwiko mimi kwanza: nikaingia darasani, nikampa mgongo ili asione uso wangu, nikamwambia, "Mwalimu, niite. Mimi mwenyewe nimekuruhusu."

Nilimsikia akilia. Nje gari lilikuwa linapigwa hendeli liwake. Akanipita mbio, akasimama mlangoni mbele ya wanawake wote wa Samuye, akaita, "Ngassa!"

Mtoto akaitika, "Nipo." Nami nikaitika, sijui kwa nini, nikiwa nimegeuka kuupa mlango mgongo.

Muhidini alisikia, akamwambia bwana wake. Mzungu akasema kilichotiwa sahihi kimetiwa sahihi, wangoje ukaguzi wa mwaka ujao. Wakaondoka.

Mwaka uliofuata mkaguzi hakuja. Banda limeliwa na mchwa. Mimi nilichinja mbuzi kuondoa mwiko, nikasema mbele ya wazee kwamba sina kinyongo na mkwe wangu. Ilisaidia nini? Kila alipokwenda kisimani wanawake walichukua mitungi yao wakasogea kando, eti huyu ndiye aliyemtaja mkwewe. Alivumilia mpaka akachoka. Yeye na Alois wakahamia Geita kwenye dhahabu, na huko nasikia anafua nguo za wachimbaji, yeye mwenye mwandiko ule.

Juzi tarishi ameniletea barua. Huenda ni ya boma, wananiita kama walivyomwita ndugu yangu. Huenda ni ya Salvina, anatuambia amejifungua au anaumwa. Nilimwita wajina kutoka machungani, akafuta mikono kwenye shuka, akaishika. Alikumbuka herufi mbili tatu, akanionyesha kwa kidole. Kisha akanirudishia.