Mtani Alisema Mashine Imekufa

Siku ya tatu ya matanga ya baba yake, Timotheo aliambiwa waziwazi, mbele ya watu zaidi ya hamsini, kwamba mashine yake imekufa. Akacheka. Baadaye alikuja kulikumbuka cheko lile kuliko alivyoukumbuka udongo wa kaburi.

Msiba ulikuwa Kigombe, kwenye nyumba za zamani za kambi ya mkonge, alikokaa mzee wake tangu alipotoka Tabora akiwa kijana mwenye panga na blanketi moja. Timotheo alizaliwa hapohapo kambini, lakini damu haisahau kwao: Mnyamwezi ni Mnyamwezi, na mtani wake pwani hii ni Mzigua. Badru alikuwa Mzigua wa Mwera, ng'ambo ya mto Pangani. Ofisini kwao mjini Tanga meza zao zilitazamana, huu mwaka wa sita. Kwa hiyo Badru alipoingia msibani akikohoa kikohozi kilekile cha marehemu, akajilaza mkekani katikati ya waombolezaji na kuagiza kahawa kwa madai kwamba alikotoka hakuna, hakuna aliyemkasirikia. Ndiyo kazi ya mtani. Wanawake waliokuwa wakilia walijifuta macho kwa ncha za khanga, wakacheka.

Badru akainuka, akamnyooshea Timotheo kidole.

"Mnyamwezi, lia vizuri, una misiba miwili. Baba kakufa Jumapili, na ile mashine yako ya ofisini nimeiua mimi jana mchana. Ungesema mapema tungewazika pamoja, sanda ikatosha."

Uwanja mzima ukacheka. Mzee Marhun, mwenye kampuni, ambaye alikuja mwenyewe na gunia la mchele, alicheka mpaka kofia ikamteremkia kwenye nyusi. Timotheo naye akacheka, cheko la kwanza tangu Jumapili.

"Kaioshe basi, mtani," alisema. "Maiti ni yako."

Ijumaa asubuhi alirudi kazini akaikuta mashine imekufa kweli.

Kampuni ya Mzee Marhun ilikuwa inanunua machungwa kwa wakulima wa Muheza na kuyauza Dar na Mombasa. Zamani biashara ile ilikwenda kwa daftari na kelele. Timotheo, aliyeishia darasa la saba na kujifundisha kompyuta kwenye duka la kutoa fotokopi, ndiye aliyeitengenezea tovuti. Mnunuzi anaingia, anachagua mzigo, na papo hapo mkulima anapata ujumbe kwenye simu: chuma magunia kadhaa, gari linakuja. Yote hayo yalikaa kwenye mashine moja, sanduku jeusi la kompyuta lililowekwa juu ya meza ya pembeni chini ya feni. Timotheo aliilea kama watu wanavyolea ng'ombe wa maziwa. Na kwa kuilea huko alipewa chumba na sebule nyuma ya ghala la kampuni, alikokaa na mkewe Praxeda bila kulipa kodi.

"Shikamoo Mzee," alisema mlangoni.

Mzee Marhun hakuitikia marahaba. Alikuwa amesimama katikati ya ofisi, kanzu ya Ijumaa imeshapigwa pasi, tasbihi mkononi.

"Tangu Jumanne tovuti nyeupe," alisema. "Siku ya nne leo. Wakulima wamechuma, magari hayajui yaende wapi. Sasa nisikilize. Kabla sijaondoka kwenda msikitini nataka tovuti iwe inafanya kazi, na nataka jina la aliyeiharibu. Mtu huyo hali chakula cha mchana kwangu."

Timotheo alifurahi moyoni. Kazi ya kwanza aliijua, na ya pili haikumtisha. Yeye Jumanne alikuwa Kigombe akipokea rambirambi. Jina lolote litakalotoka haliwezi kuwa lake.

Alivuta kiti chake akakaa. Upande wa dirishani, Siham, mpwa wa Mzee, alikuwa akipokea simu za wakulima na kutukanwa kwa zamu. Mkulima mmoja hakutukana. Alikuwa Mama Yudith, mjane wa Kibondei wa Muheza, ambaye hata kule msibani alipeleka kapu la machungwa. Siham aliweka simu wazi, na sauti ya mama ikasikika ofisi nzima.

"Binti yangu, nimechuma magunia thelathini, yako juani. Mwambie Timotheo pole na msiba. Mwambie mimi namngoja yeye tu."

"Amerudi, mama. Yuko hapa anatengeneza," Siham alijibu, akamtazama Timotheo bila huruma yoyote.

Badru alikuwa mezani kwake akinywa chai kwa mlio.

"Mganga kaingia," alisema. "Tupishe uvumba upite."

"Nani aligusa hii mashine, Badru?"

"Si nilikwambia?"

Timotheo aliigusa mashine kama mtu anavyomgusa mgonjwa paji la uso: kwanza aangalie kama ina pumzi. Pumzi ilikuwapo. Ile sehemu inayofungua mlango kwa wageni wa mtandaoni ilisimama, ikajaribu, ikaanguka, ikajaribu tena. Tovuti nzima aliiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo PHP, toleo la saba. Akaiuliza mashine: PHP yako ni ipi? Mashine ikajibu: ya nane.

Akarudia swali, polepole, herufi moja moja. Ya nane.

Yeye hajawahi kuweka ya nane humo. Akauliza tena, safari hii si ipi bali iko wapi, na hapo ndipo mambo yalipojitokeza. PHP zilikuwa mbili. Ya saba ilikuwa palepale alipoiacha, salama, na kila kitu chake. Ya nane ilijengwa pembeni, kwenye kabati jingine la mashine, bila kile kiungo kinachozungumza na hazina ya majina ya wakulima. Ni kama mtu aliyeoa wake wawili wenye jina moja. Akiita, anaitika aliye karibu na mlango. Na mgeni ndiye aliyewekwa karibu na mlango. Kila kazi ya tovuti ilipoitwa ilimwendea mgeni, na mgeni hajui chumvi inakaa wapi. Kibaya zaidi, aliyeileta alijaribu kuwalaza wote wawili kitanda kimoja. Mlango wa tovuti uliagizwa uzibebe zote mbili, ya saba na ya nane, kwa pamoja. Ukazidiwa, ukaanguka.

Mashine huweka kumbukumbu ya kila amri inayoandikwa. Timotheo alizifungua. Jumanne, saa saba na dakika kumi mchana. Jina la mwandishi halikusaidia, maana ofisi nzima iliingilia jina moja na nywila moja, kwa amri ya Mzee, aliyesema nyumba ya ndugu haifungwi vyumba. Lakini amri zenyewe zilikuwa na makosa ya mtu anayemjua. Mara tatu mfululizo neno moja limekosewa vilevile, na mwisho limepakuliwa faili la programu ya kupangia safari za magari, ile ambayo Badru alikuwa akijisifia mwezi mzima kwamba ataifunga na Mzee atamwona mtu wa maana.

"Ulitaka kufunga programu yako," Timotheo alisema kwa sauti ya chini. "Ikakwambia haitaki ya saba, inataka ya nane. Ukaileta."

"Nikaileta," Badru alikubali, akachovya andazi. "Ikakataa. Nikailazimisha. Ikafa. Jumatano nikaja Kigombe kwa nauli yangu kukuarifu. Mtani gani mwingine anafanya hivyo?"

Timotheo alimtazama. Alikuwa amemzoea Badru miaka sita, hakuwahi kumwona akiwa hatanii. Sasa alimwona, na uso ulikuwa uleule.

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa sita. Kuiondoa ya nane kabisa, kusafisha kila ilipogusa na kuandika upya maagizo ya mlango ilikuwa kazi ya saa mbili, tatu. Kulikuwa na njia fupi. Aliuamuru mlango kwa mkono, kwa wakati ule tu, uanze kwa kutazama kabati la ya saba na usiitazame ya nane. Amri ya mdomo, kama mtu anavyomwambia mlinzi leo usimfungulie fulani. Haikuandikwa popote, na mashine ikizimwa itasahau, iamke na wazimu wake uleule. Alipanga kuiandika baada ya sala, Mzee akiwa msikitini, ofisi kimya.

Tovuti ikafunguka. Siham alikuwa wa kwanza kuona.

"Mjomba, imerudi," aliita.

Mzee Marhun akatoka chumbani kwake, akainama juu ya kioo, akatazama mizigo ikijipanga mmoja mmoja. Simu ya Siham ikaanza kulia kwa ujumbe wa wanunuzi.

"Vizuri," alisema Mzee. "La pili."

"Ni Badru, Mzee. Jumanne, saa saba mchana. Alileta PHP nyingine juu ya ile yetu, zikagombana. Kila alichoandika kiko hapa, soma. Na mwenyewe hakatai."

"Sikatai," Badru alisema.

"Najua ni Badru," alisema Mzee Marhun.

Timotheo alidhani amesikia vibaya.

"Jana nilimwuliza. Akaniambia, Mzee, si nilisema mbele yako? Nikakumbuka. Nilikuwapo, nimekaa kiti cha pili kutoka kwako. Alisema ameiua. Nikacheka, mimi ni mgeni pale, sijui PHP wala nini. Na wewe ukacheka." Alizungusha punje moja ya tasbihi. "Mashine ilikuwa ya nani, Timotheo?"

"Ilikuwa utani, Mzee. Msibani. Kila mtu anajua mtani akisema..."

"Mashine ilikuwa ya nani?"

"Yangu, Mzee."

"Aliyeiua alisema siku ya pili yake. Mwenye mashine aliambiwa akacheka, akakaa siku mbili zaidi anakula wali wangu. Badru angenyamaza, leo ningemfukuza yeye. Lakini hakunyamaza."

"Nilikuwa namlilia baba yangu."

"Mungu amrehemu. Jumatatu nyumba iwe tupu."

Siham aliteremsha macho, si kwa aibu bali kwa sababu simu ilikuwa inaita. Timotheo alisimama. Alitafuta la kusema akapata moja tu, na alilielekeza kwa Badru.

"Na wewe huna neno?"

Badru alijipangusa mafuta ya andazi vidoleni. Akazunguka meza, bila haraka.

"Mtani hatoki msibani mikono mitupu," alisema. "Wengine huchukua kuku. Mimi Kigombe sikuchukua hata yai. Nilikuwa nakudai." Akakivuta kiti cha Timotheo akakikalia, akajizungusha nacho mara moja kulia na mara moja kushoto.

Mzee Marhun alicheka kidogo. Siham naye alicheka, mkono juu ya simu.

Timotheo alichukua kikombe chake na picha ya Bikira Maria iliyokuwa chini ya kioo cha meza. Akafika mlangoni, akageuka. Angeweza kuondoka kimya. Lakini alikuwa mtu wa kazi yake, na kazi ilimshika ulimi.

"Nilivyoitengeneza ni kwa leo tu," alisema. "Sijaiandika. Umeme ukikatika, mashine ikizima, ikiwaka tena itakuwa maiti vilevile."

"Msikieni," Badru alisema. "Mnyamwezi keshailoga mashine. Mzee, tutafute kuku mwekundu."

Wakacheka wote watatu. Mzee alicheka akivaa viatu, akasema mambo ya uchawi hayasemwi Ijumaa.

Timotheo aliwatazama wakicheka. Aliijua betri ya akiba iliyo chini ya meza ile, ilikufa mwaka jana, na ombi la nyingine lilikuwa bado mezani kwa Mzee, limewekewa birika la kahawa juu. Angeweza kurudia. Angeweza kusema, Mzee, safari hii si utani. Akaona kusema mara moja kunatosha. Badru naye alisema mara moja.

Hakwenda nyumbani. Praxeda angeuona uso wake kabla hajafika sebuleni. Alivuka barabara mbili akaingia dukani kwa Rahimu, akaomba soda baridi, akakaa kwenye kreti iliyopinduliwa karibu na friji. Friji lile lilikuwa bovu, lilinguruma kama mgonjwa wa pumu. Adhana ilipita, wanaume walipita na kanzu zao, barabara ikatulia. Rahimu alirudi kutoka msikitini akamkuta palepale, chupa imebaki robo.

"Pole na msiba, kaka."

"Asante. Nimeshapoa."

Ilikuwa inaelekea saa nane friji liliponyamaza. Liliguna, likatikisika, likakaa kimya, na ndipo mtu anapojua jinsi kelele ilivyokuwa kubwa.

"Wamekata," Rahimu alisema, akainuka kufungua dirisha.

Baada ya muda jenereta za mtaani zikaanza kuunguruma moja moja. Ya Mzee Marhun, Timotheo aliijua kwa mlio. Akahesabu kimoyomoyo: sasa mashine inawaka, sasa inatafuta PHP, sasa anaitika yule wa karibu na mlango.

Simu yake ikaita. Siham. Akaiacha iite mpaka ikakoma. Ikaita tena: Badru. Hiyo akaipokea.

"Mtani," alisema Badru, na kwa mara ya kwanza hakuwa na kicheko. "Imekufa. Kweli imekufa. Mzee amesimama hapa nyuma yangu."

Timotheo akacheka, kwa nguvu, mpaka Rahimu akageuka kumtazama.

"Kaioshe basi," akamwambia, akakata.

Simu haikutulia. Mara ya nne halikuwa jina la mtu wa ofisini. Ilikuwa namba ya Mama Yudith wa Muheza, mwenye magunia thelathini juani, aliyekuwa anamngoja yeye tu. Timotheo alilitazama jina lile likiwaka na kuzima. Akaizima simu kabisa, akaitia mfukoni, akamalizia soda iliyokuwa imeshapata moto.