Mahindi Katikati ya Paina

1.

TANGAZO KWA WANANCHI WOTE WA KIJIJI CHA IGOSOLA

Kutokana na upungufu wa wanafunzi, kuanzia mwakani darasa la kwanza hadi la tatu watasoma katika chumba kimoja. Mzazi yeyote aliyempeleka mtoto wake mjini anaombwa

(hapa karatasi imechanika)

Nebati Tweve
Mwenyekiti wa Kijiji

2.

Eliseba Mahenge alilisoma tangazo hilo jembe likiwa begani, akaendelea na safari yake ya shambani. Hakuwa na mtoto wa kusoma. Obadia, mwanawe wa pekee, alikuwa fundi pikipiki Makambako, na kwao alikuja Krismasi tu. Lakini alipokuwa akishuka bondeni, akipita milango iliyofungwa kwa minyororo, alijikuta anaitaja kila nyumba kwa jina la mwenyewe, polepole, kama mtu anayeogopa kusahau.

3.

Wewe unayepita kwa gari utasema: kijiji kizuri, kijani kitupu. Utashusha kioo upate ubaridi na harufu ya utomvu.

Ni kizuri kweli. Ila tazama vizuri. Paina zimepandwa kwa mistari mpaka zinagusa kuta za majiko ya watu. Wenye miti wanaishi mijini, na wengine shamba lao wameliona kwenye picha ya simu tu. Paina haihitaji mtu. Inapandwa, inaachwa, inafuatwa ikishakuwa mbao.

Mahindi yanahitaji mtu kila

siku.

4.

Wa mwisho kuondoka upande ule wa bonde alikuwa Tabita, aliyepakana na Eliseba kwa mtaro mmoja tangu wote wawili walipoolewa. Mtoto wake alifaulu kwenda sekondari, viazi vikaoza barabarani kwa sababu lori halikuweza kupanda mlima wenye tope, na Kastuli, dalali wa mashamba, akafika siku ileile. Tabita hakuaga vizuri. Alileta kuku wake wote kwa Eliseba, akasema atawarudia, na mpaka kuku wale wanazeeka hakurudi.

Miaka michache baadaye, pale alipokuwa akilima maharage, paina zilimzidi mtu kimo.

5.

Kastuli, akisikika nje ya duka la kijiji, akiongea na simu:

"Lipo moja tu limebaki katikati, bosi. La mama mmoja mjane. Likipatikana hilo, bonde zima ni lako. Ndiyo. Hapana, hasumbui. Anachelewa tu kuelewa."

6.

Sisi tuliobaki tunakumbuka uvunaji ulivyokuwa. Leo kwa huyu, kesho kwa yule, ugali mmoja, shamba linaisha kabla jua halijawa kali. Sasa hatutoshi. Nguruwe pori nao, ambao zamani walikuwa na mashamba mengi ya kuchagua, wana la Eliseba tu. Alikuwa akishinda huko anagonga debe.

Ndiyo maana mwaka ule, mwezi wa nane ukiwa unaisha, mahindi yake yalikuwa bado yamesimama shambani, yamekauka, yanangoja mikono. Tulikuwa tumemwambia tutakuja. Tulikuwa tumesema

wiki ijayo.

7.

Moshi.

Mwanzoni Eliseba aliudhani wa mkaa. Kisha akasikia mlio kama wa mvua kubwa juu ya bati, na mvua haikuwepo.

Moto.

Ulianzia juu, kwenye lililokuwa shamba la Tabita. Hakuna aliyejua nani aliuwasha. Upepo ulikuwa unateremka na ulielekea kwenye nyumba. Baina ya moto na nyumba palikuwa na kitu kimoja tu, na kitu hicho kilikuwa mahindi makavu.

8.

Waliokuja ni wazee, wanawake wawili wenye watoto mgongoni, mwalimu, na Nebati mwenyewe akiwa na panga. Eliseba aliwatazama akaelewa kuwa hao ndio wote. Miti ilikuwa ya watu wengi. Wa kuuzima moto walikuwa hawa.

Nebati alikuja akasimama karibu naye, hakumtazama.

"Mama Obadia. Moto ukiingia humu ukiwa na nguvu ile, nyumba hazitabaki."

"Tufyeke."

"Hatuwahi."

Alijua kabla hajaambiwa. Marehemu mume wake aliwahi kufanya hivyo kwenye nyasi za mlimani: unawasha upande wako, unauacha moto mdogo uteketeze kila kitu taratibu kuelekea kwa mkubwa, ili mkubwa ufike ukose chakula. Lakini zile zilikuwa nyasi. Haya yalikuwa chakula chake cha mwaka mzima.

Nebati alitoa kiberiti. Njiti ya kwanza ilivunjika.

"Nipe," alisema Eliseba.

9.

Aliwasha kwenye mstari wa kwanza, ule ulio karibu na njia ya kwenda kwake. Bua moja. La pili. Akatembea akiinama, akiwasha, huku nyuma yake watu wakipiga kwa matawi mabichi kila cheche iliyotaka kurukia nyumba.

Mahindi yalilia. Punje zilipasuka ndani ya maganda, nyingi kwa pamoja, na harufu ikawa ile ya bisi, harufu ya watoto. Hapo ndipo alipokaa chini.

Hakulia. Alikaa tu, akamwambia mwalimu aangalie upande wa kulia.

Mioto miwili ilikutana katikati ya shamba, ikasimama juu, ikapiga kelele moja,

na ikaisha.

10.

Meseji zilizoingia kwenye simu ya mwenyekiti jioni hiyo:

*Nimesikia kuna moto huko. Paina zangu zimepona?*

*Mwenyekiti naomba picha ya shamba langu haraka.*

*Hivi kijiji hakina walinzi?*

Na moja ya Tabita, ndefu, iliyoishia hivi: *mwambie dada Eliseba nimeshindwa kumpigia, nitamwambia nini*

11.

MUHTASARI WA MKUTANO WA DHARURA

Ajenda ya 1: Wamiliki wa miti waandikiwe, kila mmoja aache ukanda uliofyekwa kati ya miti yake na makazi ya watu. *Imepitishwa.*

Ajenda ya 2: Kila kaya imchangie Bi. Eliseba Mahenge debe moja la mahindi. *Imepitishwa. Kaya kadhaa ziliomba kutoa nusu.*

Ajenda ya 3: Nani atakuwepo moto mwingine ukija?

*Haikujadiliwa. Muda uliisha.*

12.

Obadia alipiga simu. Alimwamkia mama yake, kisha akasema auze aje mjini, kuna chumba, hatapungukiwa. Eliseba alimuuliza kama chumba hicho kina mahali pa kupanda mboga. Obadia akasema, "Mama, tafadhali." Sauti yake ilikuwa ya mtu mzima aliyechoka. Eliseba akaogopa, kwa sababu safari hii alijikuta anahesabu vitu vya kubeba.

13.

Kastuli alifika akiwa na viatu vizuri, akampa pole ya kweli, akasema bosi ameongeza dau. Angerudi asubuhi.

Baada yake alikuja Nebati. Alikaa kwenye kigoda, akazungumzia mvua, akazungumzia shule, mpaka Eliseba akamuuliza kilichomleta.

"Amepita kwangu pia, anataka hata kiwanja cha nyumba," alisema. "Sijamjibu. Mama Obadia, wewe ukiuza, mimi siwezi kubaki peke yangu."

"Na nisipouza, utakuja tulime?"

Nebati aligeuza kofia yake mkononi. Alisema mgongo wake si ule wa zamani. Alisema mkewe anataka kwenda kwa watoto. Kisha akasema atajaribu, na akaondoka bila kunywa uji wake.

14.

Asubuhi bonde lilikuwa jeusi, na juu yake paina zilizopona zilisimama kwenye mistari yao. Eliseba aliingia shambani peke yake. Majivu yalimfika kwenye vifundo vya miguu. Alitafuta mahali mtaro ulipopita, akautambua kwa unyayo, akapiga jembe la kwanza. Udongo chini yake ulikuwa bado na uvuguvugu.

Nyuma yake mtu alikuwa anakuja. Majivu yalimeza hatua zake, hakuweza kujua ni viatu vya nani.

Hakugeuka. Alinyanyua jembe tena, akasubiri asikie jembe la pili au salamu ya dalali.